NILIFUFUA MAGITAA MATATU, WAKAMTANGAZA MWENYE VYOMBO MWINGINE

"Na sasa naomba makofi ya nguvu... kwa mwenye vyombo wetu!"

Nilikuwa mbele kabisa, viwanja vya Mnazi Mmoja, nyomi la watu nyuma yangu, jua linachoma utosi.

Nikavuta mtandio nikajiweka sawa. Jamani, hata mguu nilishautanguliza kuelekea jukwaani.

Kwa sababu mwenye vyombo ni mimi!

Na aliyeshika maiki ni Abdulatif. Latif wangu. Mpiga solo, kiongozi wa bendi, mwanaume aliyekuja kwetu Buguruni na wajomba zake kujitambulisha, mama yangu akawakaangia samaki.

"Bosi Marcelino! Karibu jukwaani, baba!"

Mguu wangu ukabaki hewani.

Likapanda jitu la suti ya kijivu, limenyoosha mikono kama limeokoa nchi. Watu wakapiga makofi. Wapiga tarumbeta wa kukodi wakapuliza. Latif akainama mpaka kiunoni kumpa mkono.

Na mimi nimesimama pale kama mwizi wa nguo aliyesahau kamba iko wapi.

Ngojeni kwanza. Kuna wengine mnasoma hapa hamjui mwenye vyombo ni nani, mtadhani nalilia sifa.

Kwenye muziki wa dansi hapa Bongo, bendi si ya anayeimba. Si ya anayepiga solo mpaka wake za watu wanavua viatu. Bendi ni ya mwenye vyombo. Hata kama hajui uzi wa juu na wa chini! Akisema leo mnapiga, mnapiga na homa zenu. Akisema wewe toka, unatoka, na gitaa unaliacha ukutani.

Mimi haya sijasimuliwa. Baba mdogo Safari alipiga besi mpaka vidole vikaota sugu kama kisigino. Sikukuu moja ya Idi wanamuziki wakamwomba mwenye vyombo wapumzike, wale na watoto wao. Bwana yule akaja na lori lake la Kenta katikati ya mazoezi, akapakia kila kitu mpaka stendi za maiki. Baba mdogo akarudi nyumbani ameshika mkanda wa gitaa peke yake. Mkanda tu!

Nilikuwa nacheza rede uani. Nikamuuliza, "Baba mdogo, gitaa liko wapi?"

Akasema, "Halikuwa langu, mama."

Watu huniambia Chiku una hasira. Chiku una kinyongo. Chiku wewe unakumbuka mpaka aliyekukanyaga shule ya vidudu. Ndiyo, nakumbuka! Na jina lake nalijua.

Nakumbuka mafundi wa samani wa Keko walionikataza kugusa bunduki ya kupulizia rangi eti mwanamke ataleta nuksi. Nikafagia karakana yao, nikawapikia chai, macho yangu yako kwenye mikono yao. Ufundi wao wa kung'arisha mbao nikauiba wote bila kuwaambia ahsante. Ya shingo na nyuzi nikajifunza mwenyewe kwa kuvunja na kubandika, kuvunja na kubandika, mpaka gitaa likakubali.

Nikapata chumba mtaa wa Gerezani, nyuma ya duka la rangi la Bi Azza. Mwarabu yule wa Gerezani ana mdomo kama wembe na moyo kama mkate wa kumimina. Mbele yeye anauza vanishi, gundi na msasa. Nyuma mimi natibu magitaa. Pembeni yetu watu wanafungua injini, mwendokasi unapita, honi na nyundo kutwa nzima. Ukisikia gitaa linalia vizuri pale, ujue hilo limepona kweli.

Basi Latif alipokuwa ananyanyaswa kwenye bendi ya mtu, nani alimwambia "toka, tutaanzisha yetu"?

Mimi.

Nani alitafuta vyombo?

Mimi!

Gitaa la solo nilikuta limevunjika shingo, limetupwa stoo. La ridhim mchwa walishahamia tumboni na familia zao. Besi, jamani, besi mtu alikuwa anaegeshea mlango wa banda la kuku!

Nikayabeba maiti hayo. Nikabandika shingo kwa gundi, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli mpaka ikashika. Nikatoa mbao zilizooza, nikaweka mvule. Nikasugua msasa mkavu, nikasugua msasa wa maji, mpaka alama za vidole vyangu zikafutika. Siku hizo nikipika ugali lazima nitumie mwiko mrefu, kwa sababu moto ukinikaribia vidole nalia.

Na bendi ikapatikana. Latif solo. Allan besi, kijana wa Temeke, mpole kama maji ya mtungi. Ridhim akapiga Waridi, shoga yangu tangu tunabadilishana sare za shule.

Mwisho wa kazi ni vanishi. Na hapa msikilize vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Vanishi unapiga mkono mmoja mwembamba, unasubiri, unapiga mwingine. Wakati wa kiangazi haina shida. Lakini masika ilikuwa imeingia, hewa ya Dar imelowa kama kanga iliyosahaulika kwenye beseni. Hali hiyo, vanishi inakauka juu tu. Inang'aa! Unajiona mpaka kipele cha shavuni. Ukigusa, kidole kinatoka safi. Lakini chini bado mbichi.

Dawa yake ni kulitundika gitaa hewani, lisiguswe na kitu, ukawa unalinusa. Likinuka thina tunayozimulia vanishi, bado. Lisiponuka kabisa, limeiva.

Nilimwambia Latif kwa mdomo wangu huu.

"Usiyaguse mpaka masika iishe."

"Lakini mbona yamekauka, mpenzi? Ona!"

"Nusa."

Akanusa. "Linanuka kidogo tu."

"Basi bado, hata kama ni kidogo."

"Chiku, watu wanasubiri uzinduzi!"

"Wasubiri. Gitaa halijui tarehe."

Akanibusu paji la uso akasema sawa, fundi wangu.

Siku ile ya Mnazi Mmoja naingia karakana, waya tatu zinaning'inia kutoka darini. Hakuna kitu! Kufuli zima, halina hata mkwaruzo. Ufunguo mwingine alikuwa nao nani?

"Mchumba wako kaja na gari," Bi Azza akaniambia huku anapima thina kwenye chupa. "Kapakia, eti uzinduzi ni leo Mnazi Mmoja. Nikajua mmepatana."

Mimi boya nikadhani ni haraka yake tu ya uzinduzi. Nikajisemea nitamgombeza baadaye. Nikavaa gauni langu la bluu, nikakata mitaa ya Kariakoo kwa miguu nikiruka madimbwi, natabasamu njia nzima!

Ndiyo nikafika nikasikia "Bosi Marcelino, karibu baba."

Turudi jukwaani.

Marcelino akashika maiki. Huyu ana ukumbi wake mkubwa, na bendi zilizofia mikononi mwake ukizipanga zinafika Ilala Boma.

"Bendi mpya! Vyombo vipya! Na nimewanunulia wanangu masanduku ya kisasa, ndani mahameli nyekundu! Fungueni watu waone!"

Masanduku matatu meusi yakalazwa jukwaani. Yamefungwa na komeo, yamepigwa na jua lile, na magitaa yangu mabichi yamo ndani yamelazwa kifudifudi kwenye mahameli.

Nikashika kichwa.

Latif akafungua, akavuta solo kwa madoido.

Halikutoka.

Akavuta tena. Sanduku zima likanyanyuka nalo!

Watu wakaanza kucheka. Latif akaweka goti kwenye sanduku, akavuta kwa nguvu zote... KRRRRRR! Gitaa likachomoka, na mahameli nayo ikachomoka. Tumbo zima la gitaa limeota manyoya mekundu!

"Jamani gitaa limefuga ndevu!" mtu akapiga kelele nyuma yangu.

"Hilo gitaa au beberu?"

"Mnyoeni kwanza ndo apige!"

Waridi akatoa lake, hivyo hivyo. Besi la Allan ndiyo kabisa, lilikuwa kama paka aliyeona mbwa. Latif akajilazimisha akapiga noti mbili tatu, akajaribu kugeuka na mikogo yake. Gitaa limeganda kwenye shati! Akalivuta, kifungo kikaruka.

Mnazi Mmoja ilicheka nyie. Ilicheka mpaka wauza karanga wakakaa chini.

Sikucheka. Kazi ya mikono yangu yote ilikuwa kwenye mbao zile.

Ndipo Latif akaniona.

Mnajua mtu mwoga akiaibika anafanya nini? Anatafuta wa kumtupia.

"Yule pale!" Akaninyooshea kidole, maiki iko wazi. "Chiku! Umeyafanya nini magitaa? Umeyaroga!"

Kicheko kikakatika.

Neno hilo si la mchezo, ndugu zangu. Neno hilo limechoma watu nyumba. Duara likafunguka kunizunguka, kisha likaanza kuziba. Mkono wa mtu ukashika mtandio wangu. Mama mmoja akasema, "Si niliona amesimama peke yake hacheki?" Mwingine akaokota jiwe, sijui alilitoa wapi.

Nikapanda juu ya spika. Sijui nilipandaje na gauni lile.

"Mmeona wapi uchawi unanuka thina?" nikafoka. "Aliye karibu anuse! Nuseni hayo magitaa! Vanishi haijakauka! Huyu mwanaume kaiba magitaa yangu mabichi karakana, kayafungia kwenye sanduku juani, sasa ananiita mchawi! Nuseni!"

Mpiga tarumbeta mmoja, mzee wa watu, akainama akanusa besi. Akakunja uso.

"Thina tupu," akasema.

Aliyekuwa na jiwe akaliangusha taratibu, kama si lake. Nikashuka, nikapita katikati yao. Hakuna aliyeniomba radhi.

Kabla sijafika Gerezani nilishakuwa video. "MCHAWI WA MAGITAA." Watu wananicheka, watu wananitukana, watu wasioujua hata mlango wangu. Wengine wenu mnaosoma hapa mliweka vicheko vyenu pale. Majina ninayo.

Siku zikapita kidogo, nikiwa nasaga kimfupa cha kukalia nyuzi za gitaa la mteja, gari likasimama mbele ya duka. Akashuka Marcelino. Akashuka Latif. Akashuka Allan na Waridi wamebeba masanduku.

Bi Azza akawatazama juu mpaka chini.

"Karibuni. Msiba wa nani?"

"Tunamtaka fundi," Marcelino akasema.

"Fundi au mchawi? Mchawi hayupo. Katoka na ungo wake."

Wakapita nyuma. Wakafungua. Mungu wangu! Kumbe walishampelekea fundi wa makabati, naye akayafuta kwa thina. Vanishi na mahameli vikawa kitu kimoja, uji wa ubuyu, umeganda mabonge mabonge.

Niliyatazama nikahisi kama nimeletewa watoto wangu wametoka kuungua.

"Yarekebishe," Marcelino akasema.

"Shikamoo kwanza haipo?"

"Binti, sina muda. Vyombo vyangu vimeharibikia kwenye kazi yako."

"Vyombo vya nani?"

"Vyangu. Latif kanikabidhi."

Nikamgeukia Latif. Shati jipya. Macho yako kwenye kandambili zangu.

"Latif. Niangalie."

"Chiku, elewa. Bendi bila bosi haipati ukumbi. Bosi ametupa ukumbi wa kudumu. Nilikuwa nataka nikwambie..."

"Ulikuwa unataka uniambie ukiwa na maiki?"

"Wewe na hasira zako nani anaweza kukwambia kitu!"

"Kwa hiyo ukaona uniibie. Halafu unichomeshe moto na watu."

"Nilipaniki!"

"Ondoka mbele yangu. Na wajomba zako waje wachukue salamu zao."

Nyundo za majirani zenyewe zikanyamaza, maana Gerezani umbea unasikika kupita injini.

Hapo nilidhani adui yangu ni mmoja. Nikamtazama Waridi, nikitegemea atasema kitu. Shoga yangu! Tumelala kitanda kimoja, tumechangia kanga moja!

"Waridi, wewe ulijua?"



"Tulijua wote," akasema. "Tulikaa kikao, Chiku. Tukakubaliana. Mimi ndiye niliyesema wa kwanza."



"Wewe?"

"Ndiyo mimi! Kwa sababu gani nikufiche? Kila siku tunaimbiwa wenye vyombo wanyonyaji, wenye vyombo wanyama. Halafu Allan akichelewa mazoezi unasema nini? 'Mwacheni, besi langu.' Mimi nikikosea unasema 'lete ridhim yangu.' Vyangu, vyangu, vyangu! Tukaona kama ni kuwa na mwenye vyombo, basi bora yule mwenye ukumbi. Ungekuwa kama wao tu, tofauti ungevaa gauni."

Nilitaka kumrushia chupa ya gundi. Nawaambia kweli kabisa, mkono ulishaishika.

Allan akasema kwa ile sauti yake ya mtungini, "Dada Chiku, mimi sikutaka kikao kile. Ila sikusema kitu."

"Na wewe ndiyo mbaya zaidi!" nikamfokea.

Marcelino akatabasamu. Akapangusa kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Sasa mkimaliza kulia, tuzungumze kazi."

"Yaacheni hapa," nikasema. "Muondoke. Masika ikiisha nitawaita."

"Na usipoita, nakuja na serikali."

"Njoo na jeshi."

Wakaondoka. Nikafunga mlango. Sikulia. Nilichukua pasi ya moto na kisu butu, nikaanza kukwangua.

Kukwangua vanishi iliyolala na mahameli ni adhabu ya jehanamu. Unapasha, inalainika, unakwangua kabla haijaganda tena. Ukizidisha moto, mbao inaungua. Ukipunguza, unararua. Nilikwangua huku nawatukana mmoja mmoja kwa jina. Bi Azza akawa ananiletea kahawa na kashata dirishani.

"Unamtukana nani sasa hivi?"

"Waridi."

"Mh. Na alichosema ni uongo?"

Nikarudi kukwangua.

"Nauliza tu," akasema, akarudi dukani kwake.

Latif alikuja siku moja peke yake, amepulizia manukato mpaka thina ikaona aibu.

"Mpenzi, bosi anasema ukikubali, unakuwa fundi rasmi wa bendi. Unapewa sare."

"Sare?"

"Yenye jina lako mgongoni."

Nikaendelea kusugua.

"Chiku, hasira hasara. Tunaweza kuanza upya. Mimi na wewe."

"Latif, ukisimama hapo vumbi litakuharibia marashi."

Akaondoka.

Masika ikakata. Upepo wa kipupwe ukaanza kupenya dirishani, mkavu, safi. Nikapiga mkono mwembamba, nikangoja. Nikapiga mwingine, nikangoja. Yakaning'inia darini kama samaki wa maonyesho. Kila asubuhi nayanusa kabla sijanywa chai. Thina... thina... thina kwa mbali... Mpaka asubuhi moja nikabandika pua kwenye solo, nikavuta pumzi ndefu, nikasikia mti tu.

Nikatuma salamu: njooni. Na bosi wenu aje.

Wakaja wote watatu, na Marcelino akaja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mafundi wa injini wakaacha injini wazi wakaja na mikono yenye grisi. Bi Azza akafunga duka! Huyo Bi Azza hafungi duka hata mvua ikiingia ndani.

Nikayatoa magitaa matatu, nikayaweka juu ya meza uani. Watu wakasema, "Lahaulaaa!" Yaling'aa, ndugu zangu. Mvule wangu ulikuwa unawaka kwa ndani kama chai ya rangi juani.

Mwenyekiti akakohoa.

"Binti, mimi sitaki maneno mengi. Vyombo hivi ni vya nani?"

Marcelino akarukia. "Mwenyekiti, vilitangazwa hadharani. Umati wote ulisikia."

"Mwulize aliyetangaza alivitoa wapi," nikasema.

Mwenyekiti akamgeukia Latif. "Kijana?"

Latif akajikuna shingo. Akaangalia bosi. Akaangalia mafundi wenye spana.

"Kwa... kwa Chiku."

"Basi ni vya Chiku. Kesi imekwisha."

Shangwe! Watu wakapiga makopo ya rangi kama ngoma. Nikasema kimoyomoyo, Marcelino leo umekwisha.

Lakini Marcelino hakukasirika. Alicheka! Akasimama, akaanza kunipigia makofi taratibu.

"Haya. Mpigieni makofi mwenye vyombo wenu mpya. Atawatafutia ukumbi. Atawapangia nani apige na nani akae benchi." Akawageukia Waridi na Allan. "Si niliwaambia? Yule ni mimi mwenye kilemba."

Nikamtazama Waridi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajua anachosubiri. Anasubiri niseme "ndiyo, vyangu."

Na jamani, nilitaka kulisema! Lilikuwa limefika kwenye meno. Nilikuwa nalidai hilo neno tangu Mnazi Mmoja. Haki yangu! Jasho langu! Vidole vyangu!

Lakini jitu lile lilikuwa linacheka. Na nikaona kwamba nikilisema tu, limeshinda.

Nikachukua besi.

"Allan. Njoo."

Akaja kama anaitwa kuchapwa.

"Shika. La kwako."

"La kwangu kivipi, dada?"

"La kwako. Ukilala, lala nalo. Ukihama mji, hama nalo. Ukigombana na bendi, ondoka nalo. Ukigombana na mimi, ondoka nalo vilevile. Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," mwenyekiti akasema, mdomo wazi.

"Dada, unanitega?"

"Shika kabla sijabadilisha mawazo, kenge wewe!"

Akashika. Akalikumbatia kama mtoto mchanga.

Nikachukua ridhim. "Waridi."

Alikuwa ameshaanza kulia.

"Usinililie juu ya vanishi. Shika. La kwako."

"Chiku... shoga yangu... nisamehe."

"Sijakusamehe. Nimekupa gitaa. Usichanganye mambo."

Kicheko cha Marcelino kilikuwa kimekauka, juu na chini. Maana alielewa kabla ya wote: bendi isiyo na mwenye vyombo utaifunga kwa kamba gani?

Likabaki moja.

Latif akanyanyua macho. "Na mimi?"

Wengine wakaguna. Fundi mmoja akasema, "Huyo mpe spana ya kichwa!"

Niliwaza kulivunja. Niliwaza kumpa mtu yeyote pale, hata muuza maji. Lakini nikilizuia moja, mimi ndiye mwenye vyombo. Hakuna njia ya katikati.

Nikalichukua lile solo, nililolibandika shingo kwa mikono yangu, nikamwekea kifuani.

"La kwako, Latif. Mimi na wewe hatudaiani hata salamu. Lakini hili ni lako. Tangu leo hakuna binadamu anayeweza kukwambia liache ukutani."

Alilitazama. Akapitisha kidole kwenye nyuzi, polepole. Nyie, huyu mtu amepiga gitaa tangu utoto, na siku ile ndiyo mara ya kwanza kushika la kwake. Nikasema labda. Labda kuna mtu mle ndani.

Marcelino akafungua mlango wa gari lake.

"Latif," akaita, wala hakupaza sauti. "Lete hilo tuondoke."



Allan akasema, "Kaka, usiende. La kwako hilo."

Waridi akasema, "Latif, baki. Tuko watatu. Tunatosha."

Latif akawatazama. Akanitazama mimi. Kisha akavuka uani na gitaa lake mkononi, akaenda nyuma ya gari, akafungua buti kwa mkono wake mwenyewe, akalilaza ndani.

Akafunga taratibu asilikwaruze.

"Samahani kwa usumbufu, bosi," akasema.

Akapanda kiti cha nyuma.

Sasa nyie wa "dada ungemsamehe", nyie wa "mapenzi ni kuvumiliana", nisikilizeni niwaambie nilichojifunza, kisha mkaweke vicheko vyenu.

Hawa wakubwa tunawatukana sana, na wanastahili. Nitawatukana mpaka naingia kaburini. Lakini mtu akishakaa miaka chini ya kiganja cha mwenzake, ukimpa kilicho chake anahisi baridi. Anatafuta kiganja kingine haraka haraka. Mwenye vyombo hahitaji Kenta tena kuja kunyang'anya. Tunampelekea wenyewe, tunamfungulia na buti.

Na wewe unayepigania wenzako, usiwaambie tu nani mbaya. Wape kitu mkononi kiwe chao, hata kama moyo wako unauma, hata kama hawakustahili. Usipowapa, wewe ni bosi mwingine anayesubiri zamu.

Latif yuko kwenye ukumbi wa Marcelino, anapiga peke yake juu ya muziki wa kompyuta. Allan na Waridi wameongeza mpiga ngoma, wanapiga harusi za Kariakoo na Upanga, na hawana bosi. Nyuzi zikikatika wanakuja kwangu.

Wanapanga foleni kama wateja wengine.

Na sijawasamehe.